Kupika Pombe Chumbani: Mwongozo wa Mwanafunzi Mwenye Dumu Moja

Kiswahili kinasema "kupika pombe", na neno hilo limewapoteza wengi. Mwanafunzi akisikia kupika anawaza sufuria, jiko, moshi na mlinzi wa hosteli anayegonga mlango. Pombe ninayoieleza hapa haipiti motoni hata kidogo, ukiacha maji ya moto ya vyombo. Unamimina juisi kwenye dumu, unatia hamira, unaziba kwa namna inayoruhusu gesi kutoka na kuzuia hewa kuingia, halafu unakaa pembeni. Mpishi ni hamira. Wewe ni mwosha vyombo wake, na ukikipokea cheo hicho bila kinyongo utakunywa kitu kizuri.

Nimechagua pombe ya juisi ya tufaha kwa sababu ndiyo inayomsamehe mgeni makosa mengi zaidi. Bia inataka shayiri iliyooteshwa, sufuria kubwa, kuchemsha karibu saa nzima na kupoza haraka. Hayo ni mambo ya mtu mwenye jiko lake. Juisi ya tufaha imeshakuja na sukari yake, asidi yake na ladha yake. Kazi iliyobaki ni kutoiharibu.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha umefikia umri wa kunywa pombe pale unapoishi, na usome sheria. Nchi nyingi humruhusu mtu mzima kuchachusha pombe ya kunywa mwenyewe, nyingine hutaka kibali, nyingine zimekataza kabisa. Hata Marekani, bia ya kutengeneza nyumbani iliruhusiwa kitaifa kwa sheria ya mwaka 1978 tu. Kuuza ni habari nyingine: ukipokea pesa kwa chupa moja umeingia kwenye leseni na kodi, kwa hiyo usiuze. Soma pia mkataba wa hosteli, maana kuna mabweni yanayovumilia kunywa na hayavumilii kutengeneza. Na muulize mwenzako wa chumba. Dumu linanuka, hasa siku tano za mwanzo, na si haki mtu alale na harufu asiyoijua chanzo chake.

Jambo moja halina mjadala: usikeneke. Kuchemsha pombe na kunasa mvuke wake ili upate kinywaji kikali ni kosa la jinai karibu kila mahali kwa asiye na kibali, na mvuke wa pombe karibu na moto ndani ya chumba kidogo ni njia ya uhakika ya kuchoma jengo. Watu huuliza kuhusu methanoli, ile sumu inayopofusha. Juisi iliyochachuka tu huwa na methanoli kidogo mno, kama ilivyo kwenye divai yoyote. Visa vya watu kupofuka na kufa hutoka kwenye pombe kali, mara nyingi iliyochanganywa na methanoli ya viwandani na mtu aliyetaka faida. Dumu lako la juisi halifiki huko, mradi usilichemshe.

Vifaa

Unahitaji dumu la lita 5 la plastiki ya kuhifadhia chakula, lenye mdomo mwembamba. Dumu lililowahi kuwa na mafuta ya kula au sabuni halifai, harufu haitoki hata uoshe vipi. Unahitaji mpira mwembamba na safi wa kama mita moja na nusu, wa kuhamishia pombe. Unahitaji chupa za plastiki za soda, si za maji, na sababu nitaieleza tukifika kwenye gesi. Mizani ndogo ya jikoni inasaidia.

Kisha kuna kizibo cha gesi. Wauzaji wa vifaa vya pombe wana kidude cha plastiki chenye maji ndani: gesi inabubujika kutoka, hewa hairudi. Kama huna, toboa kifuniko cha dumu, pitisha kipande cha mpira, ziba pembeni yake vizuri, na upande wa pili wa mpira uutumbukize kwenye kikombe cha maji kilichowekwa chini ya usawa wa kifuniko. Kazi ni ileile. Puto lililotobolewa kwa sindano na kuvalishwa mdomoni mwa dumu hufanya kazi pia, ila huchoka baada ya wiki mbili na hupasuka usiku, kwa sababu ambazo puto pekee ndilo linazijua.

Kwa nini usifunge tu kifuniko? Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili ambavyo uzito wake unakaribiana: ethanoli, ambayo ndiyo pombe, na hewa ya ukaa. Lita 4 za juisi ya tufaha zina sukari ya kama gramu 440. Sukari hiyo ikiisha, dumu litakuwa limetoa zaidi ya lita 100 za gesi. Hakuna kifuniko cha kushindana na hilo.

Kifaa cha mwisho, ambacho wengi hukiruka, ni haidromita. Ni kama kipimajoto cha kioo kinachoelea, na kinasoma juisi ni nzito kiasi gani ikilinganishwa na maji. Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha ziada, nunua hicho.

Juisi na hamira

Hapa ndipo dumu langu la kwanza lilipofia. Nilinunua juisi ya bei rahisi kuliko zote, nikaimiminia hamira, nikasubiri siku kumi na mbili. Hakuna hata povu moja. Juisi ilikuwa imetiwa kihifadhi, na kihifadhi kazi yake ni kuzuia hamira isizaliane. Nililipia dawa ya kuua mpishi wangu.

Basi geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Maneno ya kukimbia ni potasiamu sobeti, au namba yake E202, na sodiamu benzoeti, E211. Ukiona moja ya hayo rudisha rafuni. Vitamini C, ambayo ni E300, na asidi ya sitriki, E330, hazina neno. Juisi iliyopashwa moto kiwandani ni sawa, kwa kuwa moto umeua vijidudu na haukuacha kitu cha kuua hamira yako. Tafuta iliyoandikwa asilimia 100 juisi. "Kinywaji chenye ladha ya tufaha" ni maji, sukari na rangi, na pombe yake itakuwa na ladha ya hayohayo.

Hamira ya mkate inafanya kazi. Ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae, inayotumika kwenye divai na bia. Tofauti iko kwenye malezi: hamira ya mkate imechaguliwa kwa kutoa gesi upesi, haizami vizuri chini ya dumu, na huacha kaladha ka unga. Hamira ya divai au ya shampeni inazama ikakaza, inavumilia pombe nyingi, na haileti ladha za ajabu. Pakiti moja ya gramu 5 kwa kawaida inatosha lita zaidi ya 20, kwa hiyo kwa dumu lako tumia gramu 1 au 2, kisha kunja pakiti vizuri uiweke kwenye friji.

Utasoma mahali kwamba zabibu kavu chache zinalisha hamira. Zabibu zinalisha imani tu. Ukitaka kuilisha kweli, chemsha kijiko kidogo cha hamira ya mkate kwenye maji robo kikombe kwa dakika tano, ipoe, umimine dumuni. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira hai. Kwa juisi ya tufaha si lazima. Kwa asali, ambayo nitaigusa mwishoni, ni lazima.

Hatua ya kwanza: kuosha

Kuosha kuna sehemu mbili na si kitu kimoja. Kwanza unaondoa uchafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, unasuuza mpaka sabuni iishe. Pili unaua vijidudu. Dawa ikikuta uchafu inaishia juu ya uchafu, kwa hiyo mpangilio huo haugeuzwi.

Kama umepata dawa maalumu ya watengeneza pombe, fuata maelezo yake. Kama huna, dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato inatosha: kijiko kikubwa kimoja kwenye lita 4 za maji baridi. Loweka dumu, kifuniko, mpira, faneli na kila kitu kitakachogusa juisi kwa dakika 20, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usichanganye dawa hiyo na siki wala asidi nyingine yoyote, hata kidogo, hata kama umesikia inaongeza nguvu. Inayotoka hapo ni gesi ya klorini, na chumba chako ni kidogo.

Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na kwamba viumbe tofauti huleta matokeo tofauti kutoka kwenye chakula kilekile. Ukimletea bakteria wa siki juisi yako, atakupa siki. Hana nia mbaya, hiyo ndiyo kazi yake.

Hatua ya pili: siku ya kutia

Acha juisi ifikie joto la kawaida la chumba. Mimina lita 4 kwenye dumu la lita 5. Nafasi inayobaki ni ya povu, nayo usiionee tamaa. Funga kifuniko kizima kisicho na tundu utikise dumu kwa nguvu dakika mbili. Hii ndiyo siku pekee ambayo hewa inakaribishwa, kwa sababu hamira huhitaji oksijeni kidogo ili ijenge mwili na kuzaliana kabla ya kuanza kazi. Kuanzia kesho hewa ni adui.

Chota juisi kidogo, uitie haidromita, uandike namba. Juisi nyingi za tufaha husoma kati ya 1.045 na 1.050. Usirudishe ulichochota, kinywe.

Nyunyiza hamira kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, yaani maji unayoyasikia ya uvuguvugu na hayachomi kidole. Baada ya dakika 15 itakuwa imelainika. Mimina dumuni, vaa kizibo cha gesi, bandika karatasi yenye tarehe, namba ya haidromita na aina ya hamira. Utasema utakumbuka. Hutakumbuka.

Dumu likae wapi? Mahali penye giza na joto lisilopandapanda, nyuzi 18 hadi 22 ikiwezekana. Chini ya kitanda ni pazuri kuliko juu ya kabati, kwa kuwa joto hupanda. Chumba chako kikiwa na joto zaidi ya hapo, simamisha dumu ndani ya beseni la maji, lifunike kwa taulo lililolowa linalogusa maji hayo, na maji yanavyokauka yatalipoza. Hamira inayofanya kazi kwenye joto kali huenda mbio, na mbio zake huzaa aina nyingine za pombe zenye ladha kama rangi ya kupaka kucha. Weka sahani chini ya dumu. Povu likiamua kutoka halikuulizi kama umeweka daftari karibu.

Hatua ya tatu: kuacha

Baada ya saa 12 hadi 24 utaona mapovu yakitoka kwenye kikombe. Siku ya tatu dumu litakuwa linanong'ona muda wote, na kuna usiku utaamka kulisikiliza. Ni kawaida. Baada ya wiki moja hivi kasi hupungua, baada ya wiki mbili mapovu ni ya kuhesabu, na pombe iliyokuwa kama maji ya matope huanza kung'aa kutoka juu kwenda chini.

Kinachoharibu hatua hii ni mikono. Kila ukifungua kifuniko kunusa unaondoa blanketi la gesi lililokuwa likilinda pombe na kuingiza hewa yenye vijidudu. Vumilia angalau siku 14.

Harufu ya mayai viza katikati ya safari ni hamira iliyochoka au yenye njaa, na mara nyingi huondoka yenyewe. Tabaka jeupe jembamba juu ya pombe ni wageni wanaopenda hewa, na ukiwahi kuhamisha pombe iliyo chini yake unaweza kuinusuru. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga yote. Harufu kali ya siki inamaanisha una siki, na siki ya tufaha ina matumizi yake jikoni. Kama hakuna povu kabisa baada ya siku mbili, angalia kwanza kama kizibo kinavuja pembeni, kwa sababu gesi hupita njia rahisi. Pima kwa haidromita: namba ikiwa imeshuka, hamira inafanya kazi kimya.

Hatua ya nne: kujua imekwisha

Mapovu kukoma si ushahidi. Baridi huyazima, na kizibo kinachovuja huyaficha. Ushahidi ni haidromita isome namba ileile leo na baada ya siku tatu. Juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari humalizia kwenye 1.000 au chini kidogo, kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji.

Sasa unaweza kujua ukali. Toa namba ya mwisho kwenye namba ya kwanza, zidisha kwa 131. Ulianza 1.048, umeishia 1.000, tofauti ni 0.048, jibu ni karibu 6.3. Hiyo ni asilimia ya pombe. Nusu lita ya pombe hiyo ina ethanoli ya kama gramu 25. Hesabu za afya za nchi mbalimbali huchukua kinywaji kimoja kuwa kati ya gramu 8 na 14, kwa hiyo chupa yako ya soda ni vinywaji viwili au vitatu, hata kama inateremka kama juisi. Usimpe mtu bila kumwambia namba hiyo.

Kuna mwanafunzi katika kila bweni anayetaka ongezo la sukari ili pombe "ishike". Hesabu ni rahisi: gramu 17 za sukari kwa lita huongeza asilimia 1. Ongeza gramu 34 kwa lita kama unataka kukaribia asilimia 8, na usizidishe hapo. Sukari inaongeza ukali bila kuongeza ladha. Ukiimwaga kwa kilo unapata kinywaji chembamba kinachochoma koo na kichwa cha kesho, na kitahitaji miezi kulainika. Kunywa pombe kali iliyoharibika si ushujaa.

Hatua ya tano: kuhamisha na kutia chupani

Chini ya dumu kuna mashapo ya hamira, ya rangi ya maziwa ya unga. Unataka pombe iliyo juu yake. Weka dumu mezani siku moja kabla ili litulie, na chombo safi cha kupokea sakafuni. Jaza mpira maji yaliyochemshwa na kupoa, ziba ncha zote kwa vidole vilivyooshwa, ingiza ncha moja ndani ya pombe, shusha nyingine kwenye glasi, achia. Maji yanatoka kwanza, pombe inafuata, unahamishia kwenye chombo. Usinyonye kwa mdomo. Mdomo wa binadamu una bakteria wengi kuliko sakafu unayoichukia. Ncha ya mpira ikae juu ya mashapo, na upande wa chini uguse kitako cha chombo ili pombe isirukeruke na kumeza hewa.

Ukitaka pombe tulivu, isiyo na gesi, itie chupani, ifunge, iweke kwenye friji, kazi imekwisha. Itakuwa kavu. Hili huwashtua wengi: sukari yote imeliwa, na utamu wote ulikuwa sukari. Dawa yake ni kuongeza juisi kidogo kwenye glasi wakati wa kunywa. Usiongeze kwenye chupa na kuifunga, hamira bado ipo humo na itaamka.

Ukitaka gesi unaitumia hamira hiyohiyo kwa makusudi, na hapa mizani inakuwa muhimu kuliko mahali pengine popote. Pima gramu 5 za sukari kwa kila lita ya pombe. Yeyusha kwenye maji moto kidogo, yapoe, mimina kwenye chombo cha kupokea kabla ya kuhamisha pombe ili ichanganyike yenyewe inapoingia. Tia chupani ukiacha nafasi ya vidole viwili, kaza vifuniko.

Sasa kuhusu chupa. Chupa za plastiki za soda zimetengenezwa kustahimili mgandamizo, za maji hazikutengenezwa hivyo, na za glasi zisizo za bia au shampeni ni mabomu. Mimi niliwahi kutia kwenye chupa tatu za glasi zilizokuwa za sharubati, pombe ambayo "nilihisi" imekwisha, na nikaongeza sukari kwa jicho. Ya kwanza ilipasuka saa tisa usiku ndani ya kabati. Nilitoa nguo zenye vipande vya glasi kwa wiki nzima, na zile mbili zilizobaki nilizifunika kwa blanketi nikazifungua nikiwa nimevaa miwani na koti la baridi, nikitetemeka. Haidromita niliinunua wiki hiyo.

Uzuri wa plastiki ni kwamba inazungumza. Ibonye kila siku. Siku ya kwanza ni laini, baada ya wiki moja au mbili inakuwa ngumu kama chupa mpya ya soda. Hapo hamishia zote kwenye friji. Baridi huisinzisha hamira, haiiui, kwa hiyo chupa ikitolewa na kusahauliwa mahali penye joto inaweza kuendelea kujaa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, legeza kifuniko kidogo juu ya sinki, gesi itoke, kaza tena.

Unaweza kunywa siku hiyohiyo. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, na pombe ya tufaha iliyokaa wiki nne hadi sita chupani huwa laini zaidi mdomoni, ule ukali wa tufaha bichi ukipungua. Ficha chupa mbili nyuma ya friji ujilinganishie mwenyewe. Unapomimina, mimina taratibu kwa mara moja, uache vumbi la chini.

Kuhusu kalenda ya masomo

Tangu juisi mpaka chupa yenye gesi ni karibu wiki tano. Anza mwanzoni mwa muhula, usianze wiki ya mitihani ambapo utasahau kubonya chupa. Na usiondoke likizo ndefu ukiacha chupa zenye gesi kwenye chumba kitakachofungwa madirisha na kupata joto. Dumu lenye kizibo linaweza kubaki, mradi mtu ajaze maji kwenye kikombe, kwa sababu maji yakikauka mlango uko wazi.

Ndiyo maana likizo ndefu ni ya asali. Kilo 1 ya asali iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ijaze lita 4 itakupa kinywaji cha asilimia 11 au 12. Asali ina sukari nyingi na karibu haina chakula kingine cha hamira, kwa hiyo hapa ile hamira iliyochemshwa niliyoitaja inatiwa siku ya kwanza na tena siku ya tatu. Hatua nyingine zote ni zilezile, ila muda ni mara tatu. Mwezi wa kwanza ina ladha ya dawa ya kikohozi. Mwezi wa sita nimeona watu wakikataa kuamini kwamba ni ileile.

Na yale mashapo usiyamwage kwanza. Siku unayohamisha pombe, kama ilikuwa na harufu nzuri, mimina lita 4 za juisi mpya juu ya mashapo hayo ndani ya dumu lilelile na urudishe kizibo. Hamira humo ni nyingi kuliko pakiti yoyote, na imeshaizoea kazi. Jioni ileile dumu litaanza kunong'ona.